Kabla hujauliza bei ya mguu wa ndege, geuza bruchi

Juzi usiku dada mmoja wa Dar es Salaam alinitumia picha. Amenunua koti zito la sufu pale Karume, na kwenye ukosi kakuta bruchi, pambo la kubandika nguoni kwa sindano, ya mguu wa ndege. Manyoya yamefika hadi vidoleni, kucha zote zipo, na pale ulipokatwa umevishwa kofia ya fedha yenye jiwe la rangi ya asali. Akaandika: "Dada, hii si kucha ya tai? Nimeambiwa ni mamilioni. Na nikikutwa nayo, si nyara za serikali?"

Nilimjibu pale pale, lakini sikulala vizuri, maana swali lake lilinirudisha kwenye pauni 120 zangu ambazo mpaka leo zinaniuma.

Kwanza, si tai. Tai ana vidole vitupu, vya njano, vyenye magamba. Mguu wenye manyoya mpaka kwenye kucha ni wa grausi, ndege wa milima ya Uskoti, jamaa wa kwale wetu. Huwindwa kihalali huko kuanzia tarehe 12 Agosti hadi 10 Desemba kila mwaka, wala hayumo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Malkia Victoria wa Uingereza na mumewe Albert waliponunua Balmoral, jumba na mashamba huko Uskoti, mwaka 1852, kila kitu cha Kiskoti kikawa fasheni. Matajiri wakapanda treni kwenda kuwinda, na ukumbusho wa windo ukaishia kwa sonara. Albert mwenyewe alimpa mkewe mkufu wa meno 44 ya kulungu aliowaua Balmoral, kila jino limechorwa tarehe yake. Hao ndio watu waliovaa miguu ya ndege vifuani bila kuona ajabu.

Sasa pauni zangu. Nilikuwa mwaka wa pili Glasgow, nasafisha ofisi usiku, na Jumamosi nazunguka kwenye minada na masoko ya vitu vya kale. Mzee mmoja mwenye meza nzuri na maneno matamu akaniwekea mguu wa grausi kiganjani. Akaniapia ni wa enzi za Malkia Victoria, wa bibi yake. Nikatazama jiwe, nikatazama kucha, nikalipa 120, mshahara wangu wa siku mbili na zaidi. Nilipoupeleka mnadani, yule mpimaji hakutazama jiwe wala kucha. Aligeuza bruchi, akaweka lenzi yake jichoni, akanirudishia. "Simba," akasema, basi.

Nyuma kulikuwa na mihuri: ngome ya minara mitatu, alama ya ofisi ya Edinburgh inayopima madini ya fedha, na pembeni yake simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Edinburgh ilitumia ua la mbigili tangu 1759, ikaweka simba huyo mwaka 1975. Bibi gani wa enzi za Victoria alivaa kitu cha baada ya 1975? Nilikiuza pauni 25. Niliporudi kwa yule mzee akajifanya hanikumbuki. Nimemsamehe, nadhani, ila bado nikipita karibu na meza yake moyo hunipiga.

Ndugu zangu, mguu hausemi umri. Mguu wa grausi wa 1880 na wa 1980 ni mguu ule ule. Umri uko nyuma, kwenye chuma. Geuza. Tazama sindano inafungwaje: ndoano iliyo wazi mithili ya herufi C, na ncha ya sindano ikichomoza nje ya bruchi, ni dalili ya uzee. Komeo dogo la kuzungusha ni la karne ya 20, ingawa wapo wanaobadilisha komeo la zamani lililovunjika, kwa hiyo tafuta alama za kuchomelea. Kisha soma mihuri. Usikate tamaa ukikosa muhuri kabisa, kwani vitu vidogo vya karne ya 19 mara nyingi havikugongwa.

Jiwe la rangi ya asali wengi wataliita kengomu, kwa jina la milima ya Cairngorm. Kweli lilichimbwa huko, lakini watu wa enzi za Victoria walipolimaliza, mawe mengi yaliletwa kutoka Brazil. Mara nyingine ni kioo tu. Kioo huwa na mapovu ndani na kingo zake hulika zikawa butu. Hata likiwa jiwe halisi, bei haiendi mwezini. Geuza tu.

Kugeuza ndiko kulikonilipa mwezi uliopita. Kwenye soko la Barras nilikuta pini ya tai ya shingoni yenye meno mawili madogo ya kahawia, imetupwa kwenye bakuli la vifungo. Muuzaji alidhani ni plastiki, akataka 15. Nikageuza: namba 15 na .625. Dhahabu ya karati 15 iliruhusiwa Uingereza mwaka 1854 na kufutwa 1932, kwa hiyo kwa namba hiyo peke yake nilijua nimeshika nini. Meno ni ya kulungu dume, yale ya juu ambayo kila mmoja anayo mawili tu. Nimeiuza 340. Ndiyo, ninajivunia, tena sana, kwa sababu hakuna aliyenifundisha.

Lakini tusipofushwe na pesa. Pembe za ndovu mimi sizigusi, hata ziwe kongwe vipi. Uingereza imezifungia kwa sheria ya 2018 iliyoanza kazi 2022, na sisi tuliotoka nchi ya tembo hatuhitaji sheria ituambie. Kucha za chui milia zilizovishwa dhahabu, ambazo maafisa wa kikoloni wa Uingereza walirudi nazo kutoka India, zina masharti mazito; usinunue kwa sababu ni nzuri. Ukiona muuzaji anaharakisha maelezo, muache na kitu chake.

Na msioshe! Zamani ngozi na manyoya vilihifadhiwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Shika, nawa mikono, weka mbali na watoto. Nondo akianza kula manyoya, funga kwenye mfuko, weka kwenye friza wiki mbili.

Dada wa Karume amegeuza. Ngome ipo, mbigili ipo, komeo ni la kuzungusha. Yaelekea ni ya karne ya 20, kabla ya 1975, na hapa Glasgow ningempa pauni 40. Mamilioni hakuna, nyara za serikali sidhani. Herufi ya mwaka, ile inayogongwa pamoja na mihuri hiyo kuonyesha mwaka wa kupimwa, ndiyo haijasomeka. Nimemwambia apige picha nyingine mchana karibu na dirisha, na asiisugue kwa majivu.