Jibu: Pilipili manga nyeupe ni mmea tofauti?

Ndugu, umeuliza kama pilipili manga nyeupe ya Sarawak, kule Malaysia, ni mmea tofauti na nyeusi, na inaanikwaje kwenye nchi ya msitu na mvua.

Mmea ni huohuo. Nyeusi huchumwa ikiwa bado kijani, ikaanikwa siku kadhaa mpaka ganda linyauke na kujikunja. Nyeupe inasubiriwa punje zianze kuwa nyekundu kwenye kishada, halafu inatiwa kwenye magunia na kulowekwa wiki moja hadi mbili, mara nyingi kijitoni, maji yakipita. Ganda linaoza (harufu yake wacha tu!), linasuguliwa na kusuuzwa, ndipo punje ziende juani. Bei inapanda kwa sababu hiyo: kazi zaidi, na uzito wa ganda umeshapotea.

Kuhusu kuanika, Waiban, kabila la wenyeji wa Sarawak wanaolima pilipili hii, wengi wao huishi kwenye nyumba ndefu, familia nyingi chini ya paa moja, kila moja na mlango wake. Mbele ya milango kuna baraza la wote, *ruai*, na nje yake ulingo usio na paa, *tanju*. Pilipili na mpunga huanikwa hapo. Wingu likitanda, mikeka inakunjwa mbio.

Tena si lazima wauze papo hapo. Ikikauka vizuri hukaa miaka, kwa hiyo wapo wanaoiweka ndani kama akiba, gunia linatoka bei ikipanda au ada ya shule ikibisha hodi.