Kahuzi si kofia ya kijiji

Bukavu

Mwanangu,

Mchoro uliotuma kutoka Goma nimeutazama vizuri. Unauliza kwa nini mlima Kahuzi umekaa juu ya mapaa ya kijiji kama kofia, na kwa nini ukungu umejaa madoa yenye kingo kama majani ya kabichi. Yote mawili yametoka kwenye haraka.

Mlima uliupaka mwisho, tena kwa rangi nzito. Rangi za maji huanza na kilicho mbali. Changanya ultramarini, ile buluu nzito, na tone dogo sana la siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu, maji yawe mengi. Ikiwa mbichi ionekane imezidi kidogo, maana ikikauka hupauka. Anga ikishakauka, paka mlima mzima kwa brashi ya duara namba 10, kilele kibaki na ukingo. Ukikaribia chini, suuza brashi, ikamue kwa kitambaa, pitisha unyevu tu pale rangi inapoishia. Itateremka na kuyeyuka yenyewe. Huo ndio ukungu; nyeupe ya tyubu weka mbali. Turner, mchoraji Mwingereza, katika mchoro wake The Blue Rigi wa 1842, aliuacha mlima wa Uswisi ng'ambo ya ziwa karibu buluu tupu, na jicho linauona uko mbali.

Halafu ngoja. Inamisha karatasi uangalie mng'ao. Maadamu inang'aa, unaweza kuongeza rangi. Mng'ao ukiisha lakini mgongo wa kiganja bado unasikia ubaridi, usiguse kabisa: brashi iliyolowa kuliko karatasi husukuma chembe za rangi pembeni, zinarundikana, ndiyo hayo makabichi yako. Ubaridi ukiisha, endelea na vilima, kisha nyumba. Msimu wa mvua kungoja huku kunachosha, najua, lakini usianike juu ya mbabula, lile jiko la makaa. Karatasi itajikunja upande mmoja.

Mabati yanayong'aa yaache karatasi tupu, uweke kivuli chini ya paa tu. Kijani cha migomba changanya mwenyewe, njano na buluu. Cha tyubu kinawaka mno.

Karatasi yako ni nyembamba. Tafuta ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na hata hiyo ibandike pande zote nne kwenye ubao, la sivyo maji yatakusanyika kwenye mabonde yake. Huu mchoro usiutupe: nyuma yake jaribu buluu za mlima, uziache zikauke kabla ya kuchagua.

Mama yako