Kidole gumba changu na kioo cha watu

Swali lenu la wiki hii: "Maonyesho ya sanaa ya kioo kwenye kumbi za miji mikubwa yana faida gani kwa msomaji wa kawaida?" Msomaji wa kawaida ndiye mimi. Nakata na kuuza vioo vya madirisha hapa Mshindo, Iringa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nilitaka kujibu kwa neno moja, hakuna, nikalale. Usingizi ukagoma.

Sisi wa huku kioo tunakijua kwa baridi. Juni na Julai dirisha likipasuka usiku, asubuhi mtu yuko dukani, vipimo kaviandika kiganjani. Mzigo wetu unatoka Dar umesimamishwa wima, maana kioo hakisafiri kimelala. Unapita matuta ya Mikumi, unapanda Kitonga, ukifika tunahesabu wazima na marehemu. Kwa hiyo ukiniambia kuna kioo kimening'inizwa ukumbini watu wakitazame, kwanza nitakuuliza kimefungwa na nini.

Mwaka jana nilikwenda kumwona binti yangu anayesoma Dar. Jumamosi akanichukua, "Mama, twende ukaone vioo vya wenzako." Ukumbi mweupe, kiyoyozi kama asubuhi ya Mafinga, pa kukaa hakuna. Mlangoni kulikuwa na mabakuli yasiyoweza kutiwa hata karanga, yamepinda kama majani ya mgomba yaliyobabuliwa. Ubao ukutani ulieleza kwamba mchanga, magadi na chokaa huyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 1000, mtu akapuliza kwa bomba la chuma, kisha kitu kikarudishwa kwenye tanuri kipoe taratibu, la sivyo kinajipasua chenyewe. Hilo halikunishangaza. Nani hajamwaga chai ya moto kwenye glasi iliyolala nje? Nilichojifunza ni kwamba haya ya kisasa hayana umri mkubwa. Mmarekani mmoja, Harvey Littleton, mwaka 1962 kule Toledo ndiye aliyewaonyesha wenzake kwamba tanuri dogo linatosha, msanii apulize kioo peke yake bila kiwanda. Vizuri. Tukasonga mbele.

Ndipo nikaliona lile pazia. Vipande vingi vya kioo vimetobolewa, vikatungwa kwa waya mwembamba kutoka darini hadi magotini. Niliposogea nikakitambua. Kioo cha maua! Kile cha bafuni, ambacho mabaki yake mimi huyatupa kwenye pipa kila Ijumaa. Na kando zake hazikusagwa.

Mkono ukaenda wenyewe. Mafundi wenzangu watanielewa, kioo hukipokei kabla hujapitisha kidole gumba ukingoni. Hupitishi kwa urefu, kitakuchana. Unakata njia, kutoka usoni kwenda nje, polepole kama unayefuta jicho la mtoto. Nikapitisha kipande cha kwanza, kizima. Cha pili, kizima. Cha tatu, pale kwenye tundu la waya, kidole kikakwama kidogo. Nikainama. Ufa, mwembamba kama unywele, unatoka tunduni kuelekea ukingoni.

"Mama, samahani, hairuhusiwi kugusa." Kijana wa pale, mpole, shati limepigwa pasi. Binti yangu akaanza kusoma sakafu.

"Mwanangu, hiki kina ufa. Kitaanguka."

"Ndivyo kilivyo, mama."

Ndivyo kilivyo! Mimi nikimwambia mteja ndivyo kilivyo, atataka hela yake na bado atanitangaza soko zima. Kijana akatuomba turudi nyuma ya kamba, tukarudi. Nje nikaona kidole kina damu. Aliponishtua nilivuta kwa urefu. Miaka kumi na tisa, nimekatwa na mapambo.

Nikiwa darasa la tano tulipelekwa Kalenga kuona fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mwalimu alitukataza kugusa kioo, na nilielewa hata kwa akili ya kitoto, kwani ndani yake alikuwamo mtu. Kule Dar nilizunguka nikitafuta aliyemo ndani. Hayumo, kioo chenyewe ndicho mtemi. Hili ndilo linaloniuma, faida mliyoiuliza sijaifikia bado.

Lakini sina pa kusimama niwacheke. Huu ndio mji ambao mafundi wa Neema, karakana ya kazi za mikono ya watu wenye ulemavu, wanatengeneza karatasi kwa mavi ya tembo, wageni wananunua, nasi tunajivuna. Mabaki ya kioo cha maua yana ubaya gani? Na saa ile jua lilipoingia dirishani, maua yale yalitambaa ukutani, yakapita juu ya shati la yule kijana. Kioo hicho nimekiuza miaka yote na sikuwahi kukiona kikifanya hivyo, kwa kuwa bafuni kwa mtu huingii kutazama ukuta.

Basi jibu langu: nendeni. Kiingilio kikizidi bei ya sahani ya wali, msiende. Kijana yule alikuwa sahihi, kila mtu akipitisha kidole patabaki waya mitupu. Ila wangeweka japo kipande kimoja kando kwa ajili yetu wenye mikono mibovu. Kuhusu ufa sibadili neno.

Niliporudi Iringa nilimwomba binti apite tena pale akaangalie kama kile kipande cha tatu kimeanguka. Alikwenda mara mbili. Kinaning'inia.