Re: Chupa ya maji ya jeshi la Ujerumani, "HRE 39" ni nini?

Salaam mkuu. Umeuliza kama "HRE 39" kwenye shingo ya chupa yako ni namba ya kikosi. Hapana. HRE ni kiwanda cha Heinrich Ritter, Esslingen, na 39 ni mwaka 1939.

Kwanza angalia mwaka kwenye kikombe. Ninazokutana nazo sokoni nyingi zimechanganywa, chupa ya 39 na kikombe cha 42, halafu muuzaji anadai bei ya seti kamili! Kisha pitisha sumaku kwenye chupa. Ya 1939 inapaswa kuwa alumini, haishiki. Ikishika, ni chuma chenye enameli cha miaka ya mwisho ya vita, na muhuri huo unatia shaka.

Kwenye mkanda wa ngozi, "RB Nr" ikifuatwa na tarakimu zenye mikwaju (/) ni namba ya siri ya kiwanda; mwaka 1939 namba hizo hazikuwepo, kwa hiyo mkanda ulibadilishwa. Namba ndefu inayoanza 8465-12 ni ya NATO, yaani ya Bundeswehr, jeshi la Ujerumani la baada ya vita.

Yale maandishi yaliyokwaruzwa kwa mkono kwenye chupa yako sitayabahatisha bila picha. Yapige picha kwenye mwanga wa jua, na usiisugue chupa kwanza.