Mateka wako awe na kitu wanachokihitaji

Ndugu mwandishi, umeuliza jinsi msichana wa Chamwino, aliyetekwa na viumbe wa sayari nyingine wanaojiandaa kuivamia Dodoma, anavyoweza kuzuia vita bila msomaji kuona kuwa ni miujiza. Nakusihi usimpe hotuba ya amani, kwa sababu aliyefungwa mikono hasikilizwi kwa wema wake, bali kwa kile ambacho aliyemfunga anakihitaji na hawezi kukipata bila yeye.

Historia ya Ugogo, yaani nchi ya Wagogo ilipo Dodoma yenyewe, inakupa mfano mzuri sana. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora ilivuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo ikiwa na kiu, na huko watemi, yaani machifu wa huko, walidai hongo (ushuru wa njia) ya nguo na shanga kabla ya kuiruhusu kuteka maji na kupita. Majadiliano yaliweza kuchukua siku kadhaa, na hata wenye bunduki walilipa, kwa kuwa visima vilikuwa mikononi mwa wenyeji.

Basi viumbe wako nao wakose maji. Msichana ajue mahali pa kuchimba kwenye mchanga wa korongo lililokauka. Awaonyeshe shimo moja tu, maji yakichuruzika taratibu, kisha adai wajumbe wao wakutane na wazee kabla hajataja la pili.

Suala la lugha lipite haraka. La muhimu zaidi ni kwamba maadui wasiwe na nia moja: awepo hata mlinzi mmoja anayeiogopa vita, atakayelifikisha neno la mateka kwa wakubwa wake.