Muulize Mshauri wa Lishe: Madini ya chakula na unyonge wa moyo

Barua tulizozichagua mwezi huu zinahusu jambo moja: namna madini yaliyomo katika chakula yanavyoingiliana na furaha, hasira, usingizi na huzuni. Tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaondoa.

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Konde, Pemba. Tangu nijifungue huyu wa mwisho sina raha. Nachoka hata kabla ya kufagia uwanja, nawakaripia watoto kwa jambo dogo, na mara nyingine nalia bila ya sababu. Damu ya mwezi hunitoka kwa wingi, na nimekuwa natafuna mchele mbichi, siwezi kujizuia. Jirani anasema nimeguswa na shetani. Wifi yangu ameniletea kopo la vidonge vya madini kutoka Dar es Salaam, eti vinaondoa mawazo. Nifanye nini?

Wa alaykum salaam, dada yangu. Uchovu unaokuja kabla ya kazi, damu nyingi ya mwezi na hamu ya mchele mbichi, yakikutana kwa mwanamke mmoja, hunifanya nifikirie kwanza upungufu wa madini chuma. Watu wengi wanajua kwamba chuma ndicho kinachoiwezesha damu kubeba hewa, lakini wachache wameelezwa kwamba ubongo nao unakihitaji ili kutengeneza dopamini na serotonini, kemikali zinazohusika na hamu ya kufanya mambo na utulivu wa nafsi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa mwepesi wa hasira, mzito wa kufikiri na mwenye huzuni hata kabla damu yake haijashuka kiasi cha kuitwa upungufu wa damu. Na huo mchele mbichi usiuonee haya: hamu ya kula mchele, udongo au barafu huonekana mara kwa mara kwa wenye upungufu huu, na utafiti uliofanywa kwa wajawazito wa Pemba ulikuta kwamba tabia hiyo na upungufu wa damu huandamana.

Kwa hivyo, kabla ya kufungua kopo la wifi yako, nenda kituo cha afya uombe kupimwa wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye na mimba, Shirika la Afya Duniani linahesabu hemoglobini, yaani ile sehemu ya damu inayobeba hewa, iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita kuwa ni upungufu. Kwa mjamzito mpaka huo kwa kawaida ni gramu 11. Ikipatikana nafasi ya kupima feritini, ambayo huonyesha akiba ya chuma mwilini, ni bora zaidi, kwa sababu akiba huisha kabla ya damu kupungua. Omba pia choo kipimwe kutafuta minyoo ya safura, kwani tafiti za miaka ya 1990 kwa watoto wa skuli wa Pemba zilionyesha wazi kwamba minyoo hiyo, inayokaa kwenye utumbo ikinyonya damu, ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za upungufu wa chuma kisiwani. Na usimfiche mhudumu khabari ya damu ya mwezi. Ukinywa vidonge huku damu inaendelea kutoka kwa wingi ule ule, hutaiona nafuu.

Upande wa jikoni, tatizo la wengi wetu ni namna chakula kinavyopangwa kuliko uchache wake. Tuchukue mlo wa mchana wa kawaida: wali, kunde za nazi, mchicha, na baada yake gilasi ya chai ya rangi. Chuma kimo katika kunde na katika mchicha, lakini chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida, na chai inayonywewa papo hapo hukifunga tumboni kikapotea chooni. Mlo huo huo, ukikamuliwa ndimu juu ya mchicha baada ya kuepuliwa, ukiongezwa kiganja cha dagaa au kombe kwenye kunde, na chai ikasubiri saa moja au mbili, utakupa chuma kingi zaidi kwa gharama ndogo sana. Kunde na choroko zikirowekwa usiku kucha na maji yake yakamwagwa, hupungua ile asidi inayozuia chuma na zinki. Ila nisikudanganye: ikiwa vipimo vitaonyesha upungufu mkubwa, chakula peke yake hakitatosha, na utahitaji vidonge vya damu utakavyopewa kituoni. Vinywe mpaka mwisho wa muda uliopangiwa, kwa kawaida miezi kadhaa, hata kama umeanza kujisikia vizuri baada ya wiki chache, kwa maana damu hurudi mapema na akiba huchelewa.

Vidonge hivyo viweke mbali na watoto. Chuma kikizidi ni sumu kwa mtoto mdogo. Tena hapo Pemba palifanyika utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo chuma na asidi ya foliki kila siku bila ya kuwapima kwanza, na mwaka 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa, kwa sababu waliopewa walilazwa hospitali na kufariki zaidi kuliko wenzao, malaria ikiwa imeenea sana wakati ule. Waliokuwa na upungufu wa kweli na wakafuatiliwa vizuri walifaidika. Kwangu mimi hilo ni fundisho kubwa kuhusu madini yote: humfaa aliyepungukiwa, na asiyepungukiwa huenda yakamdhuru.

Jambo la mwisho kwako, nalo ndilo zito zaidi. Huzuni baada ya kujifungua ni maradhi yanayotibika, na inaweza kuwepo hata damu ikiwa nzuri. Ikiwa unyonge umekushika kwa wiki mbili na zaidi, huna hamu na mtoto, au unapata fikra za kujidhuru au kumdhuru, usisubiri majibu ya maabara. Mwambie mumeo au mama yako akupeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kisomo sikikatazi. Dua na kipimo cha damu havigombani.

Mimi ni mwalimu, Micheweni, Pemba. Tumezungukwa na bahari na samaki tunakula karibu kila siku. Kwa nini tunahimizwa kununua chumvi yenye madini joto? Nauliza pia kwa sababu mama yangu mzazi amekuwa mzito, mwenye kusahau, anaona baridi wakati sisi tunaona joto, na daktari mmoja amesema huenda ni sonona, yaani maradhi ya huzuni.

Mwalimu, wengi huamini kwamba mtu wa pwani hawezi kukosa madini joto, na ukweli wa Pemba umekuwa kinyume. Uchunguzi uliofanywa visiwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta kwamba watoto wa Pemba walikuwa na upungufu mkubwa kuliko wa Unguja, na chumvi iliyotiwa madini joto ilikuwa karibu haipo majumbani Pemba. Chumvi inayoanikwa kutokana na maji ya bahari huwa na madini joto kidogo mno isipoongezwa. Samaki wanayo, lakini kwa viwango vinavyotofautiana, na sehemu yake hubaki katika maji ya kuchemshia ambayo mara nyingine humwagwa. Muhogo mchungu usiorowekwa wala kuanikwa vya kutosha nao huongeza tatizo, kwani sumu yake ikishavunjwa mwilini hutoa kitu kinachoizuia tezi ya shingoni kuchukua madini joto.

Tezi hiyo hutumia madini joto kutengeneza homoni zinazoendesha kasi ya mwili mzima, ubongo ukiwemo. Homoni zikipungua, mtu huwa mzito, huona baridi, hufunga choo, husahau, hukosa hamu ya mambo, na kwa mtazamaji huonekana ana sonona. Sisemi kwamba daktari amekosea. Nasema mama apimwe homoni za tezi, kwa kuwa ni kipimo cha damu cha kawaida, na ikiwa tezi ndiyo iliyolegea, dawa yake ni tofauti na ya sonona. Kwa umri wake sababu inaweza pia kuwa nyengine kabisa isiyohusiana na chakula.

Nyumbani tumieni chumvi ya madini joto kwa kiasi kile kile cha kawaida, kwani mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na unyevu na jua, na itiwe chungu kikikaribia kuepuliwa. Mwani wa kula una madini joto pia, ila kiwango chake hakitabiriki, na yakizidi nayo huivuruga tezi.

Nina duka dogo Darajani. Usiku sipati usingizi, moyo unanienda mbio kwa wasiwasi. Rafiki amenishauri ninywe magnesiamu. Inafaa?

Kijana wangu, magnesiamu inahusika kweli na utulivu, kwani katika ubongo husimama kama bawabu kwenye milango fulani ya mishipa ya fahamu ili isichangamshwe kupita kiasi. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2017 liliwapa watu wazima 126 wenye sonona ya kiasi miligramu 248 kwa siku kwa wiki 6, na dalili zao zilipungua. Lakini wote walijua wanachokunywa, na matumaini peke yake huleta nafuu, kwa hivyo mimi nalichukua kama dalili njema tu. Ukivinywa vidonge vikizidi utaharisha, na mwenye maradhi ya figo asiviguse bila ya daktari. Korosho, ufuta, kunde, mchicha na mtama vinakupa magnesiamu bila ya khatari hiyo, ilhali wali mweupe umeshapoteza sehemu kubwa kinuni.

Katika barua yako ndefu umetaja vikombe vya kahawa barazani baada ya Isha na vinywaji vya kuongeza nguvu dukani. Anza kwa kuviacha hivyo kuanzia alasiri kwa wiki mbili. Moyo ukiendelea kwenda mbio, upimwe.

Kaka yangu anatumia lithiamu kwa maradhi ya akili, na nasikia nayo ni madini. Ana presha, tumeambiwa apunguze chumvi, na Ramadhani inakaribia. Je, apunguze, na anaweza kufunga?

Ndugu yangu, umeuliza kwa wakati wake. Lithiamu ni madini kweli, na ilianza kutumika kwa maradhi ya kupanda na kushuka kwa hisia baada ya daktari John Cade wa Australia kuandika matokeo yake mwaka 1949. Lakini kipimo chake ni cha dawa, na kati ya kinachotibu na kinachodhuru pana nafasi ndogo. Figo huishughulikia pamoja na chumvi. Chumvi ikipunguzwa ghafla, au mwili ukikaukiwa maji kwa joto, kuharisha au kufunga, lithiamu hubaki mwilini ikapanda. Baadhi ya dawa za presha na za maumivu, kama ibuprofeni na diklofenaki, nazo huipandisha.

Basi asibadilishe chumvi wala asiache dawa kwa uamuzi wake, kwani kuiacha ghafla huweza kurudisha maradhi kwa nguvu. Mpelekeni kwa daktari wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, lithiamu na figo zipimwe, na daktari aseme kama anaweza kufunga. Akisema hapana, mgonjwa ana ruhusa ya wazi katika dini, na familia imsaidie asione haya kula mchana. Mikono ikimtetemeka sana, akitapika, akipepesuka au ulimi ukawa mzito, asinywe kidonge kinachofuata, na apelekwe hospitali mara moja.