Kabla Hujatuma Amana ya Nyumba Yenye Bwawa, Fungua Bomba la Jikoni

Jumatatu jioni msomaji mmoja, binti aliyehamia Nairobi juzi tu, aliniandikia: "Dada, nimepata nyumba ya chumba kimoja Kilimani. Ina bwawa la kuogelea, jimu na lifti. Ajenti anasema nitume amana leo, kuna watu watatu wanaingojea. Nitume?"

Nilimjibu: usitume. Kisha nikaketi na simu mkononi, moyo ukinidunda. Miaka mitatu iliyopita mimi niliambiwa maneno hayo hayo, nikatuma.

Nimelelewa Umoja, watu sita vyumba viwili. Nikiwa darasa la sita shule ilitupeleka Kasarani, kwenye uwanja uliotumika kwa Michezo ya Afrika ya 1987, na hapo ndipo nilipoona bwawa la kuogelea kwa macho yangu. Tusiokuwa na nguo za kuogelea tuliketishwa kwenye ngazi tukawatazama wenzetu wakirushiana maji. Niliapa siku ile kwamba nitaishi mahali penye bwawa. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema bwawa ni maringo, hanishawishi hata kidogo.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Kilimani, ghorofa ya tisa, kodi shilingi 48,000. Ada ya huduma, 6,500 kila mwezi, niliambiwa siku ya kuchukua ufunguo, magodoro yakiwa tayari langoni. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa tamu. Wiki ya tatu maji yakakatika.

Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, na hayatoshi mji huu. Ndiyo maana mitaa mingi hugawiwa maji kwa siku maalumu za wiki, na majengo marefu hutegemea visima. Pampu ya kisima chetu ikaungua. Tukaanza kuchangishwa pesa za lori la maji, juu ya ile ada. Bwawa halikutiwa dawa, likabadilika rangi polepole: kwanza maziwa, kisha chai ya majani, kisha kijani kibichi.

Kuna usiku mmoja sitausahau. Stima imepotea, lifti imesimama, choo kimejaa. Nilichota ndoo ya lita 20 kutoka kwenye bwawa lile nililoliota tangu utotoni, viluwiluwi vya mbu vikicheza juu ya maji, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tisa. Ghorofa ya tano nikamkuta mzee jirani amekalia ndoo yake, anahema. Akaniambia tu, "Pole, mwanangu." Nililia palepale.

Nilipohama, amana yangu yote ilikatwa, eti ya rangi na ukarabati. Nilipiga simu kwa miezi, mpaka zikaacha kupokelewa. Bado inaniuma, sifichi.

Sasa naishi Kileleshwa, jengo la zamani la ghorofa nne lisilo na lifti. Nyumba za aina hii vijana huzipita bila kuzitazama, na ndiko nafuu iliko. Ni vyumba viwili vya kulala kwa 62,000, maji na huduma ndani yake, na tunagawana na binamu yangu: kila mtu 31,000. Bwawa ni dogo, lakini hupata jua kuanzia saa tatu asubuhi. Kule Kilimani minara miwili ililitia bwawa kivuli kutwa nzima, na mwezi wa saba, kwa baridi ya Nairobi, hakuna aliyethubutu kutia mguu. Hapa nimejifunza kuogelea nikiwa na miaka 31. Leo navuka mara ishirini bila kusimama, na najivunia.

Basi nisikilizeni, ndugu zangu. Nenda mwenyewe, na uende siku ya kazi. Pita bwawa bila kulitazama, panda juu, fungua bomba la jikoni, kisha la bafuni. Muulize soja wa langoni maji huja siku gani. Ajenti analipwa ukilipa, soja hana faida ya kukudanganya. Ada ya huduma iandikwe kwenye mkataba, na hali ya kuta uipige picha siku ya kuingia. Ndipo ushuke bwawani: kama huoni vizuri kile kifuniko cha tundu la kutolea maji, chini upande wenye kina kirefu, maji hayo si ya kuingia mtu. Na usitume pesa kwa sababu umeambiwa kuna watatu wanaongoja. Waache waichukue. Tumekuwa watu wa kuharakishwa, tunalipia picha, halafu tunabeba ndoo usiku. Narudia: fungua bomba.

Alhamisi yule binti alikwenda. Alinitumia video fupi: bomba la jikoni linakohoa hewa, linatema tone la kahawia, linanyamaza. Nyuma yake sauti ya ajenti inasema fundi yuko njiani. Amana bado iko kwenye simu yake. Jumamosi anakuja kwetu. Kuna nyumba ya ghorofa ya tatu inaachwa mwisho wa mwezi, na nimemwambia abebe nguo za kuogelea.